Kupiga picha za muziki wa jukwaani hapa Mbeya: nianzie wapi na Canon 600D?

Mdau wa Mwanjelwa (ameanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya mjini, nina Canon 600D na ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera. Harusi za mchana na mahafali napiga bila shida. Sasa nataka kuingia kwenye picha za muziki: bendi za ukumbini, kwaya, shoo za vyuo, na Mungu akijalia haya matamasha makubwa yanayozunguka mikoani.

Tatizo ni usiku. Nikipiga ndani ya ukumbi msanii anatoka ametikisika, au uso wote umekuwa bluu tupu, au picha ina mistari ya giza iliyolala kuanzia juu hadi chini. Nikiwasha flashi, taa zote za jukwaa zinapotea na inabaki sura nyeupe na ukuta mweusi.

Nibadilishe bodi (kamera yenyewe) au lenzi? Niiweke vipi kamera? Na unaingiaje mbele ya steji bila kuondolewa na mabaunsa, nani hasa wa kumwomba ruhusa?

---

Nuru Hafifu

Karibu mkuu. Bodi iache kwanza. 600D ina umri lakini sensa yake bado inafanya kazi nzuri ukiipa mwanga, na kinachokunyima mwanga ni hiyo lenzi. Ukiivuta hadi 55, apacha yake (tundu la kupitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) haifunguki zaidi ya f/5.6. Tafuta 50mm f/1.8. Ukilinganisha f/1.8 na f/5.6, mwanga unaoingia ni karibu mara kumi, yaani picha iliyokulazimisha shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/25 ya sekunde unaipiga kwa 1/250 bila kugusa ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga). Hapo ndipo mtikisiko unapoisha. Ile swichi ya kutuliza lenzi kwenye 18-55 yako inazuia mkono wako kutikisika tu, msanii anayeruka haimzuii.

Canon wana 50mm f/1.8 II ya zamani na ile ya STM iliyotoka 2015. Zote zinafanya kazi kwenye 600D. STM ina mota tulivu na inafokasi kuanzia sentimita 35, ya zamani inaanzia 45. Wenye Nikon D3200, D3300 au D5300 wawe makini hapa: bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo 50mm f/1.8D itafokasi kwa mkono tu. Wachukue ile ya AF-S yenye herufi G. Wengi wanauziwa ile ya D kwa sababu ni rahisi, halafu wanadhani lenzi ni mbovu.

Ukinunua iliyotumika, fungua apacha yote, mulika ndani kwa tochi ya simu na utazame kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba mfano wa utando, hiyo ni fangasi, irudishe. Kwetu huku inatokea sana, hasa lenzi zilizokaa kabatini Tukuyu na Rungwe kwote ambako mvua haikauki.

Sasa kuiweka kamera. Hama kwenye otomatiki kabisa, weka M, upange mwenyewe. Otomatiki inaona giza kubwa la nyuma ya msanii, inadhani picha nzima ni giza, inaongeza mwanga, na uso unaungua. Kwenye ukumbi wa kawaida anza na f/2.2, shata 1/200, ISO 3200. Jukwaa la nje lenye taa nyingi anza na f/2.8, 1/250, ISO 1600. Mwimbaji aliyesimama anakubali hata 1/160. Wacheza shoo wanataka 1/500, na kama mwanga hautoshi subiri ule mkao wanaoganda sekunde moja mwisho wa mruko, bonyeza hapo. Mpiga dramu mpe 1/320: uso unatulia, vijiti vinaacha mchirizi kidogo, na mchirizi huo ndio unaoonyesha kwamba anapiga.

Usikimbilie f/1.8 yenyewe kila wakati. Ukiwa mita mbili kutoka kwa mwimbaji kwa 50mm f/1.8, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 11 au 12 hivi. Kamera ikishika mikrofoni badala ya jicho, macho yamekwenda. Kwa f/2.8 unapata kama sentimita 18, ambazo zinachukua mikrofoni na macho pamoja. Tumia pointi moja ya fokasi, ile ya katikati, kwa sababu kwenye 600D ndiyo pekee ya msalaba (inapima wima na mlalo) na ndiyo inayoona vizuri gizani. Iweke juu ya jicho, washa AI Servo (fokasi inayomfuata mtu anayesogea), kisha bonyeza.

Piga RAW, faili ghafi lisilobanwa na kamera kama JPEG. Rangi ya uso iliyoharibiwa na taa nyekundu hairudi vizuri kwenye JPEG. Lakini ujue kwamba 600D inapiga picha 3.7 kwa sekunde na ukiwa kwenye RAW inajaa baada ya kama sita, halafu inagoma mpaka iandike kwenye kadi. Ukishikilia kidole kama bunduki utakosa sekunde ile msanii anapopiga magoti. Piga mbili, pumua, piga mbili.

Kuhusu bluu: taa za LED za bluu tupu zinajaza chaneli moja tu ya rangi. Kamera ikikuonyesha grafu ya mwanga ya pamoja utaona mambo shwari, kumbe chaneli ya bluu imegonga ukuta na uso umekuwa laini kama plastiki. Washa grafu ya rangi tatu, na kama bluu au nyekundu imelala kulia, punguza mwanga hatua moja (yaani nusu) kwa shata, 1/200 iwe 1/400. Ikishindikana kabisa, igeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Mizani ya rangi nyeupe (white balance) nayo iweke namba moja, mfano 4000K, ukiiacha otomatiki kila picha itakuwa na rangi yake na utaediti mpaka asubuhi.

Jambo jingine ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayasemi, maana yametengenezwa kwa nyuso nyeupe. Ukipima mwanga kwa nukta usoni pa msanii mweusi, kamera inataka kumfanya kijivu cha kati, yaani inamng'arisha kuliko alivyo, na jasho la paji la uso linakuwa doa jeupe. Punguza theluthi mbili mpaka hatua nzima chini ya kipimo hicho. Ngozi yetu ikiwa na mwanga wa pembeni unaoteleza shavuni inapendeza mno. Ilinde rangi yake.

---

Mitambo Iringa

Kamweneni. Mimi niseme upande wa taa na sauti, kwa sababu nusu ya matatizo ya mpiga picha yanatatuliwa kabla watu hawajaingia ukumbini.

Hiyo mistari ya giza ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni umeme wenyewe. Wetu ni wa Hezi 50, kwa hiyo taa za mirija na baadhi ya balbu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/100 au 1/50 inachukua mzunguko kamili na mistari inapotea. 1/250 inadaka nusu yake. Kama ukumbi unaendeshwa na jenereta lililozidiwa, mizunguko inayumba na hata 1/100 haitakuwa safi, hapo usipoteze muda.

Chanzo cha pili ni taa za LED za bei nafuu. Hizi zinapofifishwa hazipunguzi umeme, zinazima na kuwaka kwa kasi ambayo jicho halioni. Fundi akiziweka asilimia 30, muda mwingi zimezima, na shata yako inakuta giza katikati ya picha. Zikiwa asilimia 100 haziwakiwaki kabisa. Kwa hiyo usimwambie fundi wa taa "ongeza mwanga". Mwambie hivi: "Kaka, mbele naomba taa mbili nyeupe asilimia mia, nyingine zizime, badala ya nane kwa asilimia thelathini." Mwanga unaofika jukwaani haupishani sana, na mistari inaondoka. Fundi yeyote anayejua kazi atakuelewa, tena atakuheshimu.

Wenye kamera mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless): hiyo shata ya kimya inasoma sensa mstari kwa mstari na inazidisha mistari mara nyingi. Rudini kwenye shata ya kawaida.

Njoo wakati wa kujaribu vyombo. Saa hiyo utajua mpiga solo anasimama upande gani, stendi ya mikrofoni inaziba uso kutoka wapi, na taa gani zipo. Wasanii wengi wa bongo fleva huku mikoani wanakuja na pleibeki (wimbo uliorekodiwa tayari), kwa hiyo mikrofoni inapanda na kushuka bila utaratibu. Mwimbaji wa bendi anajitenga na mikrofoni mwisho wa mstari wa wimbo, kila mara. Ukiusikiliza wimbo utaijua nafasi hiyo, na ndiyo ya kubonyeza.

Halafu naomba sana wapiga picha: msisimame mbele ya miksa (mashine ya kuchanganya sauti), fundi sauti anahitaji kuona jukwaa. Msichomoe kitu kwenye soketi ya jukwaani ili kuchaji betri. Msipite juu ya kebo, inueni mguu. Monita ile iliyolala chini, spika ya msanii kujisikia, si ya kukanyagia. Na kama kuna leza, usiielekeze lenzi kwake hata kwa sekunde moja, mwale ukiingia moja kwa moja unaunguza sensa na hakuna fundi wa kuirudisha.

Masikio pia. Miongozo ya usalama kazini inaruhusu desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Kwenye desibeli 100 una dakika 15. Mbele ya spika za besi unazidi hapo kirahisi. Vizibo vya sponji vipo maduka ya dawa, vaa, na usikae mbele ya spika, hapo hata picha hakuna.

---

Nuru Hafifu

Naongezea juu ya ruhusa maana nilipita.

Bwana, usianze na matamasha makubwa. Anzia penye muziki mwingi na milango michache. Mbeya na Iringa tumejaliwa kwaya: Moraviani, KKKT, Wakatoliki, Wapentekoste, kila juma kuna uzinduzi wa albamu au tamasha la kwaya. Vyuo vipo, MUST na TEKU huko kwenu, Mkwawa na RUCU Iringa, kila mwaka vinakaribisha wanafunzi wapya kwa shoo. Bendi za hoteli na baa zinapiga nyimbo zilezile kila wikiendi, na hilo ni jambo jema kwako: wiki ya pili unajua lini solo inaanza.

Ruhusa haiombwi kwa baunsa wala MC. Kwa kwaya mwone mwenyekiti au katibu wa kwaya, naye akufikishe kwa mchungaji au paroko. Chuoni mtafute waziri wa burudani wa serikali ya wanafunzi. Kwenye shoo ya kulipia ni promota, na promota akishakubali omba jina la msimamizi wa jukwaa na pasi ya kuvaa shingoni. Baunsa anaitambua pasi. Ukimwambia "promota kanijua" usiku wa shoo, promota simu yake haipokelewi.

Ujumbe wako uwe mfupi, siku saba kabla, utumwe asubuhi. Mfano:

"Habari za asubuhi kaka. Naitwa fulani, mpiga picha za mnato, Mbeya. Naomba kupiga picha shoo ya Jumamosi. Nitatumia nafasi ya mbele ya jukwaa, sitatumia flashi. Usiku huohuo nitakupa picha 5 za kurusha, na 20 zilizokamilika kesho yake kabla ya saa 10 jioni. Hizi hapa kazi zangu 10." Kisha linki.

Kumi, si sitini. Mtu anakuhukumu kwa ile mbaya kuliko zote.

Mtasikia kanuni ya nyimbo tatu za kwanza bila flashi. Hiyo ni desturi ya matamasha ya Ulaya na Marekani, mpiga picha anakaa mbele nyimbo tatu kisha anatolewa. Huku shoo nyingi haziendi hivyo, msanii anaweza kuunganisha vipande vya nyimbo sita ndani ya dakika ishirini. Muulize msimamizi wa jukwaa una muda gani. Ila hiyo ya bila flashi ishike popote.

---

Mdau wa Mwanjelwa

Ndaga fijo wakuu, mmenifungua macho. Nina maswali mawili. 50mm haitakuwa ndefu mno kwa kwaya ya watu 40? Na hii baridi na mvua zetu, mnazilinda vipi kamera?

---

Dada wa Tukuyu

Kwenye kwaya natofautiana kidogo na Nuru Hafifu, mdogo wangu. 50mm kwenye 600D ukiwa mita 5 inaona upana wa mita 2.2 tu. Hiyo ni watu wanne. Kwaya ya 40 ikijipanga safu tatu inachukua kama mita 8, na kuipata yote kwa 18mm unahitaji kurudi mita 6.5 hivi. Kwa hiyo usiiuze hiyo 18-55. Ipige kwaya nzima kwa 18mm f/3.5 wakati wamesimama wametulia, mwanzo wa wimbo au mwishoni, 1/80 na ISO 3200 zinatosha. Wakianza kucheza, funga 50mm umfuate mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda, waimbaji wawili wawili. Na chagua mahali pa kusimama: pembeni mwa safu ya kwanza, nyuzi kama 45, nyuso zinapangana vizuri kuliko ukiwa katikati.

Kanisani usitembee wakati wa sala wala mahubiri, na usisimame kati ya madhabahu na waumini. Kwaya za watoto, omba ruhusa ya walezi kabla ya kuzirusha mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, ni watoto wa watu.

Baridi. Juni na Julai ukitoka nje usiku Mbeya, Njombe au Makete na kuingia ukumbi uliojaa watu, lenzi inapata ukungu papo hapo kwa sababu kioo ni baridi na hewa ya ndani ina unyevu. Kuifuta hakusaidii, unarudi. Fika nusu saa kabla, ingia na begi likiwa limefungwa zipu, liache lipate joto lenyewe, ndipo ufungue. Betri baridi inakufa mapema, ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili. LP-E8, betri ya 600D, kwa vipimo vya Canon ni picha kama 440, lakini ukitazama kioo cha nyuma kila mara hazifiki. Kuwa na mbili.

Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili na tamasha la wazi halisubiri. Kofia ya plastiki ya kuogea, zile za gesti, inavaa bodi na lenzi fupi vizuri, unaikaza kwa rababendi mbele na kuacha kioo wazi. Ukirudi nyumbani usiifungie kamera kwenye begi la ngozi lenye maji. Ianike kivulini mpaka ikauke, kisha iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kwetu Rungwe hilo ni lazima, si hiari.

---

Mitambo Iringa

Dada amesema vyema. Nikumbushe moshi wa jukwaani. Mashine ikipuliza, sekunde kumi za kwanza picha inakuwa maziwa, fokasi inashika moshi. Subiri utawanyike, ndipo miale ya taa za nyuma inaonekana na unampiga msanii akiwa kivuli mbele ya miale hiyo.

---

Nuru Hafifu

Sawa kabisa kuhusu 18mm, nakubali, kwa kwaya nzima ndiyo yenyewe.

La mwisho kwangu ni kukabidhi kazi, maana hapa ndipo vijana wanapoteza wateja. Ukituma picha WhatsApp kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Tuma kama dokumenti au linki ya Google Drive. Zile 5 za usiku zikate 1080 kwa 1350, ni saizi ya wima inayokubalika Instagram, kwa hiyo ukiwa mbele ya jukwaa piga wima nyingi na uache nafasi juu ya kichwa kwa maandishi ya bango lijalo. Usifomati kadi mpaka faili ziwe sehemu mbili, kompyuta na diski ya nje. RAW moja ya 600D ni kama MB 24, kadi ya GB 32 inabeba elfu moja na zaidi kidogo, na shoo ya usiku mmoja haipaswi kuzidi mia nne.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye ujumbe wa simu: picha ngapi, lini, atazitumia wapi, jina lako litatajwa au hapana. Picha ina hakimiliki chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ila mgogoro wa nani anaweza kuiuza kwa kampuni ya vinywaji unazuiwa na maandishi ya mwanzo. Siku ukianza kupigia gazeti au kituo cha habari, fuatilia ithibati ya uandishi kwanza. Na ukitaka drone, vibali vya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) vitangulie.

---

Mdau wa Mwanjelwa

Nimechukua yote. Nane Nane pale John Mwakangale kuna jukwaa kila jioni, naona nianzie hapo. Lipo la kuangalia?

---

Dada wa Tukuyu

Vumbi. Agosti uwanja umekauka na watu wanapita siku nzima. Funga 50mm ukiwa nyumbani, usiivue mpaka urudi, na 18-55 iache. Nenda saa 11 jioni, jua likiwa linashuka, una kama saa moja na nusu ya mwanga laini ambao ISO 400 inatosha, na ngoma za asili mara nyingi zinachezwa kabla ya giza. Muulize msimamizi wa jukwaa ratiba mapema, kila siku inabadilika.